Nesi Aliyekataa Kushika Sindano

Nesi hakuwa na mazoea ya kupiga hodi. Alizunguka nyumba, akaingia jikoni, akatafuta maji na sabuni, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, ndipo akatokea sebuleni huku maji yakimchuruzika na kuuliza, "Haya, yuko wapi?" Hata kama nyumba haikuwa na mgonjwa wala mzazi, yeye alinawa. Kwa miaka yote niliyomfahamu pale Kanazi, nadhani sikuwahi kushikana naye mkono ukiwa mkavu.

Tulimwita Nesi, basi. Alikuwa amestaafu uuguzi huko Muleba kabla mimi sijaolewa, lakini watu waliendelea kumfuata kwake, na asiyemfuata alifuatwa. Alikuwa mrefu, mwembamba, mabega yameinama mbele kama ya mtu aliyezoea kuinamia vitanda. Alivaa mabuti ya mpira kwa sababu ya matope ya kibanjani, yaani shamba la migomba na kahawa, na gauni la kitambaa kizuri ambalo siku zote lilikosa kifungo kimoja au viwili. Pale kifungo kilipoanguka aliweka pini. Mfukoni alikuwa na kahawa za kutafuna, zile tunazowapa wageni, na ukimkaribisha chai alikataa, akakwambia kahawa inamtosha.

Siku moja nilimwambia, "Mama, kifungo kimetoka tena. Sindano na uzi hivi hapa, nikushikizie, au ushike mwenyewe."

Alirudi nyuma hatua nzima. "Ondoa hiyo," akasema. "Nina fundi wangu Bilele."

Kutoka Kanazi mpaka Bilele, mjini Bukoba, kwa ajili ya kifungo! Nikadhani ni macho ya uzee na aibu ya kukiri.

Ulimi wake haukuwa na chumvi wala sukari. Aliyekwenda kwake na kidonda cha wiki mbili alipokelewa kwa matusi kwanza, dawa baadaye. Kanisani kwao, alikuwa Mlutheri, alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na mahubiri yakirefuka alitoka. Watoto walimwogopa. Lakini akina mama waliotoka kujifungua, hasa wale walioshonwa, walimngoja kama mtu anavyongoja mvua baada ya kiangazi. Mimi nilikuwa mmoja wao, na ninachoweza kueleza juu yake kimepitia huko, kwenye mahali pa mwili wangu ambapo mtu hapataji mbele za watu.

Nilijifungua mtoto wangu katika hospitali moja mjini Bukoba. Mtoto alikuwa mkubwa, nikaongezewa njia, yaani nilikatwa kidogo ili apite, kisha nikashonwa. Nilichomwa ganzi, nikashonwa na daktari mpole aliyeniomba radhi kila alipovuta uzi. Nilipotoka nilielezwa namna ya kujisafisha na dalili za kurudi nazo. Nilisikia nusu tu, maana nilikuwa namtazama mtoto. Wakati huo mimi na mume wangu tulipanga chumba Nyanga, pale pale mjini, yeye akiuza katika duka la vifaa vya ujenzi. Tukakubaliana nikalelewe uzazi Kanazi kwa mama yake.

Mama mkwe alinipenda, na jambo hilo nataka lieleweke. Alinichinjia kuku, alinipikia ndizi, aliniombea rozari. Na asubuhi na jioni alinikanda kwa maji yaliyotoka jikoni yakifoka. Alianzia tumboni, akashuka, kisha akanikalisha juu ya beseni la mvuke na kunikandamizia kitambaa cha moto pale pale penye nyuzi. Nilipopiga kelele alinishika mabega. "Vumilia, mwanangu. Wangu saba wote nilikandwa hivi."

Nikavumilia. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimefundisha watoto usafi na afya kwa chaki, lakini ukiwa umelala chali na umechoka, elimu yako hukaa mbali kama nguo iliyoanikwa kwa jirani.

Siku ya nane nikiwa kwenye beseni nilisikia kitu kikiachia. Hakikuuma sana mwanzoni. Jioni yake kikaanza kuuma kwa namna nisiyoijua, maumivu yenye mapigo kama moyo wa pili. Sikuweza kukaa. Nilimnyonyesha mtoto nikiwa nimesimama, nimeegemea ukuta, mguu mmoja nimeuinua kwenye kigoda. Kukojoa kulikuwa kama kumwagiwa pilipili. Choo kikubwa nilikizuia siku tatu kwa woga. Halafu ikaja harufu.

"Mama, kuna harufu," nilimwambia mama mkwe.

"Ni uzazi, mwanangu. Uzazi una harufu."

Ikaja homa. Mtoto alipolia nilijua nitatakiwa kugeuka, na kugeuka kulikuwa kupasuliwa upya. Nikaanza kumchukia kwa kulia kwake, halafu nikajichukia mimi kwa kumchukia. Mume wangu alipiga simu, nikamwambia sijambo. Ningemwambia nini, na mama yake ameketi pale pale anamenya ndizi?

Siku ya kumi na moja nilikuwa natoka chooni, nimeshika migomba mmoja baada ya mwingine, Nesi akapita barabarani. Akasimama, akanitazama, kisha akaingia kibanjani moja kwa moja na mabuti yake.

"Wewe mwalimu, nimeuona mwendo wako toka kule. Umeshonwa lini?"

Kabla sijajibu mama mkwe alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama katikati yetu. Sikuwahi kumwona na sura ile.

"Wewe huingii hapa," alimwambia. "Binti yangu alikuja kwako Muleba kujifungua, akarudi na alama za vidole vyako pajani. Umesahau? Mimi sijasahau."

Nilidhani Nesi atatukana, kama kawaida yake. Alimtazama mama mkwe, akatazama chini, kisha akasema taratibu, "Ni kweli. Nitukane kesho, nitakuja nitukanwe. Lakini leo huyu ananuka, na harufu naisikia kutoka hapa nilipo."

Wakasimama hivyo. Mtoto akaanza kulia ndani. Mama mkwe akashusha mwiko.

Nesi alinawa, akanilaza kwa ubavu, akamulika kwa tochi ya simu. Hakukaa hata dakika moja. "Nyuzi zimeachia, na kuna usaha. Hili si la hapa nyumbani. Anakwenda hospitali sasa hivi." Akamgeukia mama mkwe. "Mwili si shuka, haufuliwi kwa maji ya moto. Lakini tutasemezana baadaye. Nani ana gari?"

Jirani mmoja alikuwa na pikapu ya kubebea ndizi. Walitandika godoro nyuma, nikalala kwa ubavu, mama mkwe akakaa mbele na mtoto. Nesi alipanda nyuma pamoja nami, akakaa kwenye bati tupu, mkono wake umeshika nyonga yangu isitikisike. Kila shimo alimpigia dereva kelele, "Taratibu, kuna mtu huku!" Mimi nililia, "Mawe! Mawe!" nikimwita kwa Kihaya mama yangu aliye mbali, na yeye alisema tu, "Lia. Lia, mwalimu, hakuna anayekuzuia."

Hospitalini walinisafisha, wakanitundikia dawa, wakasema hawawezi kushona tena mahali penye usaha. Pangeachwa pajazie penyewe kutoka ndani. Nilikaa siku sita. Niliporuhusiwa muuguzi alinipa maelezo, na safari hii Nesi alikuwepo, akamfanya ayarudie mara mbili.

Baada ya hapo alikuja kila siku, wiki baada ya wiki. Maji yalichemshwa, yakaachwa mpaka yawe vuguvugu, na kabla ya kuyatumia alitumbukiza ndani upande wa ndani wa mkono wake, si wangu. Alimwagia taratibu, akakausha kwa kugusa tu, bila kusugua. Pedi zilibadilishwa kabla hazijalowa, na kila aliyenigusa alinawa kwanza, pamoja na mama mkwe, ambaye mwanzoni alinawa kwa hasira na vishindo. Dawa ya maumivu niliandikiwa kwa saa, na Nesi alinikemea niliporuka saa yangu kwa kujikaza. "Unamwonyesha nani ujasiri? Kidonda hakitoi vyeti."

Chooni ndiko nilikoogopa kuliko kaburi. Alinilisha papai na mchicha, akaninywesha maji mpaka nikamwona adui. Akanifundisha kukunja kitambaa safi na kukishikiza pale mbele ya jeraha ninapojisaidia ili nisihisi kama natoka utumbo, na kujimwagia maji vuguvugu ninapokojoa ili mkojo usiunguze. Nilipofanikiwa mara ya kwanza nilitoka nikilia kama niliyefaulu mtihani. Alikuwa amesimama nje ya choo, anatafuna kahawa. "Kimetoka?" "Kimetoka." "Haya, kanawe," akasema, akaenda zake.

Kusifu hakujua. Wiki ya saba, siku niliyoweza kuketi kwenye kigoda na kula kama watu wengine, machozi yalinijaa, nikamtazama nikitaka afurahi nami. Aliniambia, "Keti vizuri, unamwaga mchuzi."

Lakini kabla ya kigoda kile kulikuwa na wiki ya tatu, nayo siipendi kuikumbuka. Kidonda kilikuwa wazi. Daktari alisema kinaendelea vizuri, mimi sikuona uzuri wowote. Niliona kwamba nimekuwa mtu wa beseni na vitambaa, kwamba mume wangu alipokuja Jumapili alikaa mlangoni kama aliyekuja kutoa pole ya msiba, kwamba sitakuwa tena mwanamke aliyekuwa akitembea kutoka nyumbani hadi shuleni akicheka. Mchana mmoja mama mkwe alikwenda kukata majani kibanjani. Mtoto alilia kitandani karibu nami. Nilimsikia, nikageukia ukutani. Aliendelea kulia, nami nikaendelea kuutazama ukuta.

Sijui alilia kwa muda gani. Nesi aliingia, akamwinua, akamtuliza begani. Kisha akaketi sakafuni kando ya kitanda, miguu yake mirefu ameinyoosha.

"Mwalimu, unawaza nini?"

"Siwazi kitu."

"Unawaza. Sema."

"Nawaza kwamba mngenizika ingekuwa afadhali," nilimwambia ukuta. "Mtoto angepata mama mzima."

Nilingoja anitukane, au aniambie nimshukuru Mungu, kama wote walivyokuwa wakiniambia. Hakusema hata moja.

"Tangu lini?"

"Tangu hospitali."

"Unawaza tu, au umeshafikiri utafanyaje?"

Sikutegemea swali hilo. Nikamwambia ukweli, kwamba nawaza tu, lakini kila siku nawaza zaidi.

"Sawa. Umefanya vizuri kunijibu. Hicho nacho ni kidonda, ila hakuna pa kukimwagia maji. Kina watu wake hospitalini. Kesho tunakwenda, na leo huachwi peke yako."

Sikuachwa. Aliwaita mama mkwe na mume wangu, akawaeleza wazi mbele yangu, bila kunong'ona, kama anavyoeleza homa. Mama mkwe alishika mdomo. Tangu siku ile alihamishia godoro lake chumbani kwangu, na mtoto alipolia yeye ndiye alimwinua na kuniletea, akaniweka ubavu nimnyonyeshe nimelala. Hospitalini nilizungumza na mtu mara nyingi kuliko nilivyotaka. Giza halikuondoka kwa siku moja. Lilipungua kama maji ya mafuriko yanavyopungua, yakiacha matope.

Nesi alimchukua mume wangu nyuma ya nyumba Jumapili moja. Hakujua kwamba dirisha lilikuwa wazi, au alijua.

"Unataka kuuliza ni lini utamrudia kitandani, siyo?" alimwambia.

"Hapana, Mama, mimi..."

"Unataka. Ni haki yako kuuliza, jibu si lako. Ni siku atakayokwambia yeye. Si wiki sita, si Pasaka, si Krismasi. Yeye."

Mume wangu akakohoa. "Nimekusikia, Mama."

"Bado sijamaliza. Mbona unakaa mlangoni? Anadhani umemkinai."

"Naogopa kumuumiza."

"Basi mshike mkono. Mkono haukushonwa."

Jioni ile alinishika mkono. Tulikaa hivyo, yeye kwenye kiti, mimi kwa ubavu, mpaka muda wa gari lake la kurudi mjini ulipofika.

Mtu akisikia haya atadhani nilimpenda Nesi kama mama. Nilimpenda, ndiyo. Lakini maneno ya mama mkwe siku ile ya mwiko yalikuwa yamenikaa. Wifi yangu anaishi mbali, hatuna mazoea ya kusemezana mambo ya ndani, na kwa Nesi sikujua pa kuanzia. Mchana mmoja, kidonda kikiwa kimebaki kidogo, alikuwa ananimwagia maji nikamuuliza ghafla.

"Ni kweli ulimpiga wifi yangu?"

Maji hayakusimama. "Nilimpiga."

"Kwa nini?"

"Alifunga miguu, kichwa cha mtoto kimeshatokea. Nilimpiga, akafungua, mtoto akatoka hai. Nilikuwa peke yangu, wanawake wanne, vitanda viwili. Hivyo ndivyo nilivyojieleza miaka yote." Akaweka kopo chini. "Lakini niliwapiga hata wasiofunga miguu. Niliwaambia, mbona wakati wa kutafuta mimba hukulia? Nilisema hivyo na watu wakacheka, nami nikaona nimesema vizuri."

Nilivuta kanga nikajifunika. Hakunizuia.

"Kuna mmoja," akaendelea, akiyatazama maji. "Alitoka milima ya huko Muleba, miaka kumi na tisa, uzazi wa kwanza. Alichanika vibaya. Ganzi ilikuwa imebaki chupa moja. Nilimwambia imekwisha. Haikuwa imekwisha, mwalimu. Nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya rafiki yangu aliyekaribia kujifungua. Nikampiga kofi kwanza atulie, nikamshona hivyo hivyo. Yeye hakulia. Alihesabu. Kila nilipochoma alihesabu kwa sauti, kwa Kihaya, mpaka kumi na moja. Nikafunga uzi, akaniuliza, 'Imekwisha?' Kwa adabu kabisa."

"Na rafiki yako?"

"Alijifungua salama, hata hakuchanika. Chupa ilikaa kabatini."

Tangu siku ile, alisema, akishika sindano alisikia mtu anahesabu. Akaomba ahamishiwe kwenye kupima uzito wa watoto, akakaa huko mpaka akastaafu. Wakubwa wake walidhani ni macho.

Nilikuwa nimelala pale, jeraha langu liko mikononi mwake, na nilimwona yule msichana kwa uwazi kuliko nilivyomwona Nesi. Kesho yake alipokuja nilifunga mlango kwa ndani, nikasema nimeshajisafisha. Kesho kutwa hivyo hivyo. Alikaa jikoni kidogo, akaondoka. Siku ya tatu mama mkwe ndiye aliyekuja kugonga.

"Mwanangu, mtu amesimama nje na mikono imelowa," alisema. "Mimi nina sababu ya kumfukuza kuliko wewe. Fungua."

Nikafungua. Nesi aliendelea pale alipoachia. Wiki mbili baadaye jeraha lilifunga.

Kupona kwangu hakukuwa kama kwa hadithi. Limebaki kovu gumu linalovuta, na kuna siku likinikumbusha nasahihisha madaftari nimesimama badala ya kuketi. Mtoto yuko darasa la pili sasa, mrefu, mbishi. Wa pili sijampata. Watu wananiuliza, nami nawajibu Mungu hajapanga, lakini Mungu hana hatia hapo. Mume wangu haulizi. Tulijenga Kanazi, jirani na mama yake, na Nesi aliendelea kupita, akinawa jikoni kwangu, akimkemea binti yangu kwa kucha ndefu.

Mwaka jana, wakati wa kuvuna kahawa, alikuja amevaa viatu badala ya mabuti. Alikuwa amezeeka ghafla, goti moja limevimba, anatembelea fimbo.

"Jumamosi una kazi?"

"Sina, Mama."

"Nisindikize Muleba. Nimempata yule mtu."

Hakuhitaji kueleza ni nani. Alikuwa amemtafuta kupitia watu wa kanisani, polepole. Nikamuuliza kwa nini mimi, na ana ndugu zake.

"Kwa sababu wewe unajua panapouma. Nikianza kujitetea, unikanyage mguu."

Tulipanda gari mpaka Muleba, kisha tukapanda mlimani kwa taksi ambayo nusu ya njia ililalamika. Njia nzima hakutafuna kahawa. Nyumba ilikuwa ndogo, safi, ya bati, kibanja kimeizunguka. Uani mwanamke wa makamo alikuwa amepiga magoti kwenye turubai, anageuza kahawa zilizoanikwa. Alituitikia, akatuangalia, akamwangalia Nesi tena. Mikono yake ikasimama, kisha ikaendelea kugeuza kahawa.

Walizungumza Kihaya, naeleza kama nilivyosikia.

Nesi aliweka fimbo chini, akapiga magoti mbele yake. Kwetu mdogo ndiye humpigia mkubwa magoti. Goti lile bovu lilitoa sauti, nikajongea kumshika, akanizuia kwa mkono.

"Mimi ndiye niliyekushona," alisema.

"Nakujua. Nilikutambua toka pale kwenye mgomba."

"Ganzi ilikuwepo. Nilikudanganya. Nilikuwa nimemwekea mtu mwingine."

Mwanamke hakuinua macho. "Hilo sikulijua," alisema. "Miaka yote nilidhani ni umaskini wetu tu. Nilidhani haikuwepo." Akachagua kahawa mbovu, akaitupa. "Una watoto?"

"Sina."

"Mimi ninaye yule mmoja. Ameolewa Mwanza. Mume wangu alitaka wengine. Kila aliponisogelea nilitetemeka, mpaka akachoka, akaenda kuwapata kwingine. Simlaumu sana. Mimi mwenyewe niliwataka. Niliwapa hata majina."

Nesi alifungua mdomo. Nilimwona anatafuta maneno, nikajua ni yale ya wanawake wanne na vitanda viwili. Sikuwa na haja ya kumkanyaga. Aliyameza mwenyewe.

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Wa kofi, au wa nyuzi?"

"Wa vyote."

"Kofi nilikusamehe zamani. Ulikuwa umechoka, hata mimi nililiona hilo nikiwa kitandani." Alisawazisha kahawa kwa kiganja mpaka zikawa tambarare. "Nyuzi bado. Kabla hujaja nilikuwa nimekaribia. Sasa umeniambia habari ya chupa, imebidi nianze upya."

"Ingefaa nisikwambie?"

"Hapana. Afadhali umesema."

Nesi alibaki chini, mwanamke akabaki chini, wote wawili wanatazama kahawa. Mimi nilisimama, kovu langu linanivuta, nikifikiria majina ya watoto ambao hawakuzaliwa, wa kwake, na labda wa kwangu. Nilitaka kumchukia Nesi na nilitaka kumwinua, na sikufanya lolote kati ya hayo.

Mvua ya kwetu haipigi hodi. Matone makubwa yalianza kuanguka kwenye bati, na mwanamke akaruka. "Kahawa!" Tulishika turubai pembe zake, yeye mbili, mimi moja, na Nesi, sijui aliinukaje, akashika ya nne. Tulikokota mzigo ule mzito mpaka chini ya paa la baraza, Nesi akichechemea bila fimbo, meno ameyauma. Kahawa kidogo zilimwagika, akarudi mvuani kuziokota kwa mkono, moja moja, gauni limemganda mwilini.

"Ziache hizo," mwanamke alimwambia kutoka mlangoni.

Hakuziacha. Alimaliza, akazileta kwenye kiganja, akazimwaga juu ya zile nyingine. Kisha akasimama nje ya kizingiti, maji yanamtiririka usoni, asijue kama aende au abaki.

"Bado?" aliuliza.

"Bado," mwanamke alisema, akasogea kando kumpisha. "Lakini ingia."